Mkakati mpya, swali la Jumatatu lilelile

BARUA

Ndugu Mshauri,

Nina miaka 49, na huu ni mwaka wa tatu tangu nikabidhiwe kiti cha Mkurugenzi Mtendaji wa kampuni inayouza na kutengeneza mashine za fotokopi na printa za ofisini. Tuko wafanyakazi 86. Mwanzilishi, ambaye hadi leo sote tunamwita Mzee, alistaafu akabaki mjumbe wa bodi. Aliniachia jina zuri na hesabu zinazosinyaa. Mashine tunazouza zinapungua kila mwaka, bei zinashuka, na mteja akishanunua hatumwoni tena mpaka mashine ikwame.

Miezi 14 iliyopita nikaleta mkakati: tuache kuhangaika na kuuza mashine, tuuze huduma. Mashine ibaki mali yetu, tuiweke ofisini kwa mteja, yeye alipe kila mwezi kulingana na kurasa anazochapisha, nasi tubebe matengenezo, vipuri na wino kwa mkataba wa miaka mitatu. Bodi ikapitisha. Nikawakusanya wafanyakazi wote, nikawaonyesha slaidi 61, wakapiga makofi. Hata kaulimbiu nilitunga, ikachapishwa kwenye fulana.

Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa mikataba 120. Tumepata 19, na kati ya hiyo 11 nimeitafuta mwenyewe.

Kinachoniuma zaidi ya namba ni ukimya. Kila Jumatatu saa mbili asubuhi nakutana na wakuu wa idara. Nauliza wiki iliyopita tumeuza mashine ngapi, idadi inaandikwa kwenye ubao mweupe ukutani, tunapitia madeni, tunapitia karakana imeuza vipuri kiasi gani na imefunga kazi ngapi. Mwisho, muda ukibaki, naulizia mkakati. Jibu ni "unaendelea vizuri, bosi." Ripoti za kila mwezi nazo ni kijani tupu, rangi ya mambo kwenda sawa, hakuna njano ya tahadhari wala nyekundu ya tatizo. Kijani, na mikataba 19!

Anayenitia wasiwasi hasa ni Mkuu wa Mauzo. Ana miaka 22 hapa na ananizidi umri. Mimi humwita Kaka, maana ndiye aliyenifundisha kazi nilipoingia nikiwa kijana wa kubeba maboksi. Mkutanoni anakubali kila kitu. Akitoka nje anauza mashine kama alivyouza siku zote, na anauza kwelikweli: theluthi moja ya mapato yetu inapita mikononi mwake. Mwezi uliopita mteja mkubwa aliulizia mkataba, Kaka akamshawishi anunue mashine nne. Asingizie nini? Kamisheni ni ileile asilimia 4 ya mauzo, sijamgusa mtu mfukoni.

Na si yeye peke yake. Wiki mbili zilizopita nilifuatana na fundi wetu kwa mteja wa mkataba. Rola ya kuvuta karatasi imeanza kulika, karatasi zinakwama mojamoja. Nikamuuliza mbona haibadilishi palepale. Akanijibu bila kupepesa macho: "Bado inavuta, bosi. Tusubiri ikatae kabisa ndipo tufungue kazi." Usiku ule sikulala.

Mjumbe mmoja wa bodi ananishauri nimwondoe Kaka ili iwe fundisho. Mzee anasema nirudi kwenye biashara tunayoijua. Mimi nafikiria jambo la tatu: kuanzia mwanzo wa mwaka ujao nipige marufuku kuuza mashine. Anayetaka abaki, asiyetaka aende. Nimesoma vitabu vingi vya uongozi, vyote vinaniambia niwe na maono. Maono ninayo, watu ndio sina. Nifanyeje?

Ni mimi,
Mkurugenzi Asiyesikilizwa

JIBU

Ndugu Mkurugenzi,

Jina ulilojipa halikufai. Nimeisoma barua yako mara tatu, na ninachokiona ni watu 86 wanaokusikiliza kwa makini kuliko unavyojisikiliza mwenyewe. Kila Jumatatu unauliza wameuza mashine ngapi, wanakuuzia mashine. Unalipa asilimia 4 ya mauzo, wanaifuata hiyo asilimia 4. Karakana unaipima kwa vipuri inavyouza na kazi inazofunga, na fundi wako anasubiri rola ife ili apate kazi ya kufunga. Mkakati unaulizwa mwisho, muda ukibaki, nao wanaufanya mwisho, muda ukibaki. Huo ni utii. Ulitoa amri mpya bila kuifuta ya zamani, na ya zamani ndiyo yenye mshahara.

Tukae kidogo mfukoni mwa Kaka, pale uliposema hukugusa. Chukua mashine yenye bei ya 100, usijali ni 100 ya nini. Akiiuza leo, mwisho wa mwezi anapata 4. Mashine hiyohiyo akiitoa kwa mkataba, tuseme mteja analipa 4 kila mwezi kwa miezi 36, jumla 144. Asilimia 4 ya malipo ya mwezi ni 0.16. Ukijumlisha miaka mitatu inakuwa 5.76, na kwenye slaidi yako bila shaka ilionekana kamisheni imepanda. Lakini ili afikishe ile 4 anayoipata sasa kwa siku moja, Kaka atasubiri miezi 25. Mwenye nyumba wake hangoji miezi 25. Yule mteja mkubwa aliyeuziwa mashine nne alikuwa na thamani ya 16 kwa Kaka mwezi ule, ama 0.64 kwa mkataba. Wewe ungechagua ipi? Mkono mtupu haulambwi, na wewe uliwaomba wauzaji wako waulambe huku wamevaa fulana ya kaulimbiu.

Kwa hiyo anza na karatasi ya kamisheni kabla hujaanza na mtu. Sehemu kubwa ya kamisheni ya mkataba ilipwe mapema, mara malipo ya kwanza ya mteja yanapoingia, na iliyobaki ilipwe kadiri mteja anavyodumu. Mteja akivunja mkataba mapema, sehemu ile irudishwe, la sivyo utaletewa mikataba ya majina tu. Kwenye mfano wetu, mpe 3 mwanzoni na 2.76 zilizobaki azipate mwaka wa pili na wa tatu. Kamisheni ya mashine zinazouzwa moja kwa moja ishuke hatua kwa hatua, kwa tarehe zinazojulikana, na usiwashtukize.

Nilitaka kuendelea na fundi, lakini kuna jambo nimelikosa kabisa kwenye barua yako na linanitisha. Fedha. Ukiuza mashine, mteja anakulipa wewe, wewe unamlipa mtengenezaji. Ukiitoa kwa mkataba, mtengenezaji unamlipa leo, na mteja anakurudishia kidogokidogo kwa miaka. Je, ule mwaka wa kwanza, mikataba yote 120 ingekuja, ungekuwa na fedha za kununua mashine 120 na bado ulipe mishahara ya watu 86? Inawezekana ile 19 unayoililia ndiyo iliyokuokoa. Kaa na mhasibu wako mkapige hesabu ya mtiririko wa fedha mwezi kwa mwezi kwa miaka mitatu, mjue kampuni inaweza kubeba mikataba mingapi kwa robo mwaka kabla haijakata pumzi. Namba hiyo ndiyo lengo lako. Ile 120 naona ilichaguliwa kwa sababu inapendeza kwenye slaidi.

Bodi nayo iambiwe mapema kwamba kuna bonde. Kampuni ya programu ya Adobe ilitangaza Mei 2013 kwamba inaacha kutengeneza matoleo mapya ya mkusanyiko wake mkuu wa programu kwa ajili ya kuuzwa kwa bei ya mara moja, na wateja wote watahamia kwenye malipo ya kila mwezi. Faida yake halisi, iliyokuwa dola milioni 833 hivi mwaka wa fedha wa 2012, ikaporomoka hadi milioni 290 hivi mwaka wa 2013. Mapato yalirudi kuupita mwaka 2012 ilipofika 2015. Hata hivyo wawekezaji hawakukimbia, kwa sababu walikuwa wameelezwa kabla kwamba hesabu za zamani zitaonekana mbaya, na wakapewa namba mpya za kutazama: idadi ya waliojiunga na mapato yanayojirudia kila mwaka. Wewe uliupeleka mkakati kwa bodi ikaupitisha, lakini sioni mahali ulipowaambia kwamba ukifanikiwa, mapato yatashuka kwanza. Ndiyo maana Mzee anakuambia urudi nyuma. Anaona bonde na hakuna aliyemwambia kuwa liko kwenye ramani.

Kwake Mzee ningekwenda na heshima zote na habari moja ya fani yenu wenyewe. Ile mashine iliyoifanya fotokopi iwe kitu cha kila ofisi, Xerox 914 ya mwaka 1959, ilikuwa na uzito wa karibu kilo 300 na bei ambayo ofisi nyingi zisingeithubutu. Ilienea kwa kukodishwa: dola 95 kwa mwezi, kurasa 2,000 za kwanza bila nyongeza, kila ukurasa wa ziada senti 4. Unachotaka kufanya ni cha zamani kuliko kampuni ya Mzee. Mwambie hivyo, kisha umwachie aulize yeye maswali.

Sasa fundi. Huyu ndiye niliyempenda kuliko wote kwenye barua yako, kwa sababu ndiye pekee aliyekuambia ukweli usoni, nawe ukarudi nyumbani ukakosa usingizi badala ya kumshukuru. Kwenye biashara ya zamani mashine ikiharibika mnapata fedha. Kipuri kinauzwa, saa za fundi zinalipwa. Kwenye mkataba mashine ikiharibika mnapoteza: kipuri ni chenu, safari ni yenu, na mteja asiyechapisha halipi kurasa. Kazi ya fundi imegeuka juu chini na hakuna aliyemwambia. Sheria zenu za karakana bado zinadai kitu kife ndipo kadi ya kazi ifunguliwe.

Kwa mashine za mkataba, kadi ifunguliwe kwa kaunta ya kurasa, ile namba ndani ya mashine inayohesabu kurasa zilizochapishwa. Mtengenezaji ameshaandika rola ina umri wa kurasa ngapi, na drami, ile silinda inayochora picha ya ukurasa, ina umri wa kurasa ngapi. Fundi akifika asome kaunta, akiona rola imekaribia mwisho wake aibadilishe siku hiyohiyo, kabla karatasi ya kwanza haijakwama. Gharama ya kipuri iandikwe kwenye hesabu ya mkataba, isiliangushe lengo la karakana. Na asipimwe kwa vipuri tena, apimwe kwa siku ambazo mashine zake zimekaa bila kusimama. Mwekee rola za akiba kwenye begi. Hili halihitaji slaidi hata moja, unaweza kulianza wiki hii na mikataba yako 19, na mkuu wa karakana atakuwa mtu wa kwanza kuamini kwamba safari hii hukuwa unatania.

Kuhusu ripoti za kijani. Alan Mulally alipotoka Boeing kwenda kuongoza Ford mwaka 2006, alikuta kampuni inayoelekea kupoteza mabilioni ya dola mwaka uleule. Akaanzisha kikao cha kila wiki, kila mkuu aje na chati zake zenye rangi. Wiki baada ya wiki zikaja kijani. Akawauliza kama kweli hakuna lolote linalokwenda vibaya kwenye kampuni inayopoteza mabilioni. Mmoja wao, Mark Fields, alikuwa na gari jipya lenye hitilafu lililokuwa limesimamishwa lisitoke kiwandani, naye kikao kimoja akaja na nyekundu. Chumba kikanyamaza, wenzake wakidhani ndiyo mwisho wake. Mulally akapiga makofi, kisha akauliza nani anaweza kumsaidia. Fields hakufukuzwa, mwaka 2014 ndiye aliyerithi kiti cha Mulally. Wewe hapo kwako nyekundu ya kwanza ilitoka mdomoni mwa fundi mwenye rola iliyolika. Jumatatu ijayo ianzishe mwenyewe. Weka yako: "Kamisheni niliiacha vilevile, hilo ni kosa langu, nyekundu." Halafu nyamaza. Usijaze ule ukimya kwa hotuba, hata ukiwa mrefu.

Nimeacha swali la kumfukuza Kaka mpaka hapa makusudi. Nami niliwahi kukaa kiti kama chako, na nilimwondoa mtu wa namna hii. Nilipongezwa na bodi. Wauzaji watatu walimfuata, wakaondoka na wateja waliokuwa wateja wao zaidi ya kuwa wangu, na aliyekuja badala yake, kijana msomi aliyeuimba mkakati wangu kwa moyo, baada ya miezi sita alikuwa anauza kitu kilekile cha zamani. Ndipo nikaitoa kwenye faili karatasi ya kamisheni. Haikuwa imebadilika, na sahihi ya chini ilikuwa yangu.

Kwa hiyo usimguse bado. Mfuate wewe alipo, usimwite ofisini kwako, maana mtu aliyekufundisha kazi ukimwita mbele ya meza kubwa atakujibu "ndiyo bosi" na utakuwa umepoteza siku. Mwambie: "Kaka, nilikuomba uuze kitu kinachokupunguzia kipato, na wewe kwa heshima yako hukuniambia. Nataka tuitengeneze upya hiyo karatasi pamoja." Kisha mwulize wateja wake watano ambao mashine zao zinakaribia kuchoka. Anawajua kwa majina na anajua nani analia kuhusu bei ya wino. Hakuna slaidi yenye habari hiyo. Ukishabadilisha malipo, mpe robo mbili za mwaka. Kama kipato chake hakipungui tena na bado anawapinda wateja wanaoulizia mkataba wenyewe, hapo jambo litakuwa lingine, na utalifanya kwa staha ya miaka 22, bila kumgeuza fundisho kwa mtu. Huyo mjumbe wa bodi anayetaka fundisho, mwulize fundisho la nini hasa, kwa sababu wafanyakazi watakaojifunza kutokana nalo watajifunza kupaka kijani zaidi.

Lile wazo lako la marufuku, liache. Nalielewa, ni hasira ya mtu aliyechoka kuitikiwa. Ron Johnson, aliyejijengea jina kwa maduka ya Apple, aliingia kuongoza maduka ya J. C. Penney ya Marekani Novemba 2011. Februari 2012 akafuta kwa mkupuo kuponi na punguzo ambazo wateja walizizoea, bila kujaribu kwanza kwenye maduka machache. Mauzo ya mwaka ule yakaanguka kwa takriban robo nzima, na Aprili 2013 akaondolewa. Wewe chukua aina moja ya wateja, wale wanaochapisha sana na ambao mashine zao ni kuukuu, uwape timu ndogo ya wauzaji wawili na mafundi wawili wenye malipo mapya na vipimo vipya. Waliobaki waendelee kuuza mashine bila kuonewa aibu, kwa kuwa ndio wanaolipa gharama za kuvuka lile bonde. Wivu ukianza kati ya timu hizo mbili, niandikie tena. Utakuwa umefika mahali pazuri.

Na Jumatatu fika kabla yao, kama saa moja na nusu asubuhi. Ule ubao mweupe ufute mwenyewe. Andika juu kabisa: mikataba mingapi imetimiza mwezi bila mashine kusimama? Mashine zilizouzwa ziandikwe chini, kwa herufi ndogo. Kisha keti, na wakishaingia uulize la juu kwanza.

Mshauri wako